Mitungi Mitatu ya Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na wasichana wawili, na zimwi moja la pangoni. Sogeeni, na wa nyuma wasikie.

Wasichana hao ni Mwavita, Mzaramo, na Nyamizi, Mnyamwezi. Makabila hayo ni watani, na mtani akikutukana hukasiriki. Basi wakawa wanataniana kutwa. Mwavita alimwita mwenzake Pua ya Ndovu. Nyamizi alimwita mwenzake Kobe, kwa kuwa alitembea polepole. Hawakuwahi kuambiana neno tamu hata moja, na hawakuwahi kula bila kugawana.

Siku moja walikwenda kuchuma uyoga. Mwavita akabaki nyuma, kama kawaida yake. Alipofika akakuta kikapu cha Nyamizi kimepinduka, na nyayo za zimwi zikielekea pangoni.

Kijijini ni mbali, na zimwi hilo hula watu jua linapozama. Basi Mwavita akazifuata nyayo.

Magoti yalimtetemeka, lakini miguu ilikwenda. Akavuka mto.

Magoti yalimtetemeka, lakini miguu ilikwenda. Akapanda mlima.

Magoti yalimtetemeka, lakini miguu ilikwenda. Akaingia pangoni.

Zimwi lilikuwa limeketi kando ya mitungi mitatu mikubwa iliyo juu ya makaa, yote imezibwa kwa udongo. Halikumfokea. Lilimwambia kwamba mwenzake yumo katika mmoja, na avunje mmoja tu. Akimpata, waende zao. Akimkosa, wataliwa wote wawili.

Mwavita akaugonga mtungi wa kwanza. Ikatoka sauti ya Nyamizi.

"Rafiki yangu mpenzi, nifungulie."

Akaugonga wa pili. Sauti ni ile ile.

"Dada yangu mwema, nilijua utakuja."

Akaugonga wa tatu. Sauti ni ile ile, ila imekauka kwa kulia.

"Kobe wewe. Nakaribia kuiva ndiyo unafika?"

Mwavita akaokota jiwe, akauvunja mtungi wa tatu. Nyamizi akatoka, masizi mwili mzima.

Zimwi likastaajabu. Likauliza kwa nini amewaacha waliomsifu, akamchagua aliyemtukana.

"Huyo ndiye anayenijua," akasema Mwavita.

Huenda zimwi halikuwahi kupata mtani, nani ajuaye. Likatimiza ahadi, likawapisha njia.

Nyamizi alikuwa akichechemea, basi siku hiyo wakatembea kwa mwendo wa kobe, wameshikana mikono. Walipofika mtoni akasimama.

"Mwavita," akasema. "Asante, rafiki yangu."

Mwavita akamvuta mkono wavuke.

"Usiniite hivyo tena, Pua ya Ndovu. Nitadhani nimevunja mtungi mwingine."

Wakacheka mpaka kijijini.

Hadithi yangu nimeitua hapo, wajukuu zangu. Funzo lake ni hili: jasiri naye hutetemeka, ila huenda. Na rafiki wa kweli si lazima aseme maneno matamu. Mtamjua kwa kuja kwake mkiwa taabuni.