Laini ya Bi Zuwena

Bi Zuwena, mjane wa Pemba aliyekwenda Maskati kushona nguo, alitaka laini ya simu ili amsikie mama yake mgonjwa.

"Kadi ya ukaazi kwanza," alisema Seif, mwenye duka la simu.

"Idara ya ukaazi nao wanataka namba ya simu kwanza."

"Basi niachie pasipoti, nikupe laini ya jina langu."

"Ngoja nifikiri, baba."

Kila asubuhi alipita kusema bado anafikiri. Siku ya kumi aliweka kadi ya ukaazi mezani.

"Namba umeipata wapi?"

"Niliwapa ile ya duka, iliyoandikwa juu ya mlango wako. Idara walipopiga kuuliza kama napatikana hapo, uliwajibu nini?"

Seif alikohoa. "Kwamba hukosi hata siku moja."

"Mungu akuzidishie, baba. Sasa nisajilie laini, kwa jina langu."