Mkuki Uitwao Subira

Sogeeni karibu, niwaambie kwa nini mkuki wa mji wa Kitongo unaitwa Subira.

Zimwi lilikuwa likila watu wa mji huo. Mhunzi Shekue akafua mkuki wa ajabu, nao ukasema, "Nipe jina, nami nitaliua zimwi."

Akauita Simba, ukajipinda. Akauita Radi, ukajipinda. Akauita Shekue, jina lake mwenyewe, ukajipinda tena.

"Nataka jina la umpendaye kuliko nafsi yako," mkuki ukasema. "Nikilichukua jina, na mwenyewe namchukua."

Zimwi likavunja lango. Watu wakapiga mayowe. Binti wa mhunzi akamshika baba yake mkono.

"Baba, upe jina langu. Zimwi likiingia litatula sote."

"Mama yako nitamwambia nini?"

"Mwambie niliomba mwenyewe."

Mhunzi akatamka, "Subira," akaurusha. Zimwi likaanguka, na binti naye akaanguka pale pale, hana pumzi.

Mji ukapona. Lakini kila mara askari walipouinua mkuki ule wakiita, "Subira! Subira!", mama wa binti alitoka mbio hadi mlangoni, akaitazama njia, kisha akarudi ndani. Naye hakumsemesha mumewe tena mpaka kufa.