Goti la Mama Gi-tae

Wahenga wetu hawakuwa watu wa kupindapinda maneno. Walipotaka kutuonya kwamba anayeficha shida yake hujinyima msaada, walisema waziwazi: mficha uchi hazai. Anayemwonea haya mkunga atabaki na uchungu wake. Kama kuna anayebisha, na ajongee karibu nimsimulie habari za Mama Gi-tae na goti lake.

Mama Gi-tae alikuwa fundi cherehani mjini Daegu, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye ulimi mkali kama mkasi wake. Kila Jumamosi alipanda kilima pamoja na wanawake wenzake wa sokoni, wote wamejipamba kwa kofia, glovu na fimbo mbili mbili. Alikuwa akiwatania wenzake waliobaki nyuma hadi wakatamani kumsukuma. Siku moja, katikati ya ngazi za kilima hicho, moyo ulianza kumwenda mbio kama unavyomwenda mtu yeyote anayepanda. Ila siku hiyo aliusikiliza. Kadiri alivyousikiliza ndivyo ulivyozidi kupiga. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho jembamba likamtoka, akawa na yakini kwamba anakufa pale pale, tena na kipande cha tango mdomoni.

Hakufa. Baada ya robo saa alikuwa buheri wa afya. Hata hivyo alikwenda hospitali kimyakimya, akapimwa kwa mashine za kila namna.

"Moyo wako ni mzima, mama," daktari alimwambia. "Hili ni shambulio la hofu. Moyo unaenda mbio kwa sababu ya zoezi, akili inadhani ni hatari, basi hofu inauongezea mbio. Haliui, na linatibika. Rudi wiki ijayo, uje na mtu wa nyumbani."

Aje na mtu wa nyumbani! Mama Gi-tae aliikunja karatasi ya daktari, akaitumbukiza ndani ya kopo la zipu. Angesema nini? Kwamba mwanamke aliyelea, akashona usiku na mchana, akawauguza wakwe zake hadi wakazikwa, leo anaogopa ngazi? Watu si wangesema kichwa kimemruka? Nyumbani akasema ni goti ndilo linalomzuia kupanda kilima.

Basi goti likapata umaarufu. Mumewe, Baba Gi-tae, dereva mstaafu wa treni na mtu mpole wa moyo, alimnunulia plasta za goti za kila aina: za kupoza, za kupasha moto, za kunuka mpaka paka wa jirani akahama. Dada zake wakamletea supu za mifupa. Kwa miaka miwili mama wa watu alitembea na plasta juu ya goti ambalo lingeweza kumpiga teke fahali akalala.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama Gi-tae, mwanawe wa pekee, asingepata mchumba. Binti aliitwa Na-ri, mzaliwa wa kisiwa cha Jeju, mcheshi na mchapakazi, na Mama Gi-tae alimpenda tangu siku alipomwona akila bakuli mbili za tambi bila kuona haya. Ikabaki wazazi wakutane, wakubaliane. Kwa kawaida watu hukutana hotelini, wakatazamana juu ya visahani ishirini. Lakini mama yake Na-ri, mjane na mzamiaji wa kuchuma konokono wa baharini, alipiga simu.

"Mambo ya hotelini mimi siyawezi! Njooni huku! Mume wangu amelala juu ya kilima. Tupande, mumsalimie, tumwombe ridhaa, ndipo tupange siku ya harusi. Ni kilima kidogo tu, dakika ishirini!"

Mama Gi-tae alijibu kwamba watafika kwa furaha. Kisha akakata simu, akakaa juu ya mzigo wa vitambaa.

Siku ilipofika, Mama Na-ri aliwapokea chini ya kilima. Alikuwa na miaka sitini na minne, mabega mapana, suruali ya maua na viatu vya mpira. Maji ya kina kirefu yalikuwa yameyaharibu masikio yake, kwa hiyo alizungumza kama anayemwita mtu wa ng'ambo.

"Mkwe! Mbona umevaa kama unakwenda kupanda Himalaya? Hapa hata mbuzi wa siku tatu anapanda!"

Wakacheka wote, wakaanza safari: akina mama wawili, Baba Gi-tae na wachumba. Watu waliokuwa wakishuka wakawatia moyo: "Jikazeni, zimebaki dakika tano tu!" Hiyo ndiyo adabu ya milima ya kwao. Hata ikiwa imebaki saa nzima, utaambiwa dakika tano. Mama Gi-tae alijua hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa amewadanganya wengi. Lakini siku hiyo aliamini, maana alihitaji kuamini. Alijikaza kisabuni kwa dakika tano. Kisha akatokea mzee mwingine: "Dakika tano tu!"

Hapo moyo ukaanza. Akainama kufunga kamba za viatu. Akapiga hatua kumi, akainama tena. Mara ya tatu Mama Na-ri akageuka.

"Vipi, mkwe?"

"Ni goti langu hili."

"Goti? Na hilo ndilo la kukuumiza kichwa? Panda mgongoni!" Na kweli akachuchumaa, akamtolea mgongo. "Nimebeba magunia ya konokono miaka arobaini na minane, wewe ni nini? Panda, twende!"

Kifua kilikuwa kimeshabana. Vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi. Mama Gi-tae alitazama mgongo ule mpana, akatazama njia ya kushukia, na akili ikamtoka.

"Pasi!" alisema.

"Pasi gani?" mumewe akauliza.

"Nimeacha pasi inawaka Daegu!"

"Niliichomoa mwenyewe, mama. Si nilikuonyesha mpaka waya?"

"Basi gesi!"

"Na gesi nilifunga."

Hakungoja zaidi. Aligeuka, akateremka kilima kwa kasi, fimbo huku na mkoba kule, akiruka mawe na mizizi. Na goti lile bovu likamchukua vizuri ajabu.

Mama Na-ri alisimama, akalitazama goti hilo likitokomea. Uso ukamshuka.

"Goti lile halina hata mkwaruzo," alisema. "Anayekataa kufika kaburini kwa mume wangu ameikataa nyumba yangu. Kama hamtutaki si mngesema tu? Na-ri, beba mfuko, turudi."

"Mama, subiri kwanza," Na-ri alisihi.

"Nisubiri nini? Pasi ipoe?"

Gi-tae alikimbia chini, mkononi ameshika chupa ya pombe ya mchele waliyoileta kwa ajili ya marehemu. Alimkuta mama yake ameegemea ukuta wa mawe kando ya malisho ya farasi. Pumzi zilikuwa zimeanza kumrudia, kama ilivyo desturi yake: akikimbia tu, hofu nayo inakwisha, na ndiyo maana kila mara alizoea kukimbia.

"Mama, kama humtaki Na-ri, ungeniambia tukiwa Daegu. Kwa nini umwaibishe mama yake mpaka huku?"

"Nani kakwambia simtaki?"

"Miguu yako."

Neno hilo lilimchoma. Akainua macho, akamwona Na-ri akishuka na mfuko wa matunda ya kumpelekea marehemu, macho mekundu, mama yake nyuma yake kama askari, na Baba Gi-tae nyuma ya wote akiomba radhi kwa jambo asilolijua. Mama Gi-tae aliona wazi kwamba wakifika pale chini harusi imekwisha. Yeye ndiye ataivunja, na mwanawe hatajua kamwe sababu. Liwalo na liwe, akasema moyoni, akapanda kuwalaki.

"Mkwe, sikulikimbia kaburi," alisema kwa sauti ndogo. "Naumwa. Ni hofu."

"Nini?"

"Naumwa hofu."

"Sema kwa nguvu! Masikio yangu niliyaacha baharini!"

"NAUMWA HOFU!" Mama Gi-tae akapiga kelele, na kelele ilipotoka haikurudi. "Nikipanda, moyo ukienda mbio, nadhani nakufa! Goti ni zima! Halijawahi kuuma hata siku moja! Daktari aliniambia miaka miwili iliyopita, nami nikaficha, kwa sababu naona aibu!"

Kundi la wapanda vilima lililokuwa likipita, wamevaa rangi za kuumiza macho, lilisimama kama limepigwa picha. Siri ambayo hata mto wa kulalia haukuambiwa sasa ilikuwa imejaa kilima kizima. Kisha mwanamume mmoja wa kundi lile akanyoosha fimbo yake juu.

"Hata mimi, mama! Hunipata nikiendesha baiskeli!"

"Wewe?" mkewe akamgeukia. "Tangu lini?"

Baba Gi-tae ndiye aliyechelewa kuelewa.

"Plasta zote zile?" akauliza.

"Zote."

"Hata ile ya moto?"

"Iliniunguza. Nikanyamaza."

Alitaka kukasirika, ikamshinda. Akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu mwaka waliooana. "Miaka miwili ulikuwa unakufa peke yako," alisema, "na mimi nakubandika goti."

Mama Gi-tae akalia, hakujificha. Mama Na-ri naye akaketi chini palepale njiani, akagonga majani kwa kiganja. "Keti hapa! Kumbe ndilo hilo? Mimi nimeshaanza kuwachukia bure! Nilipoanza kuzamia nilikuwa na miaka kumi na sita. Kule chini moyo ulinidunda nikaibuka navuta hewa kama samaki aliyetupwa jahazini. Wakubwa wakanigombeza: wewe mtoto, kifua kimejaa, utaiweka wapi nyingine? Toa kwanza! Ndiyo maana sisi tukiibuka tunapiga mluzi. Hivi."

Akatoa mluzi mwembamba, mrefu, usio na haraka. Mama Gi-tae akajaribu, yakatoka mate. Na-ri akacheka huku machozi hayajamkauka, na mama yake akasema: "Utajua tu. Na huo moyo uache ukimbie. Unapanda kilima, ulitaka ulale?"

Wakaanza upya. Kwenye kona ya pili kifua kilibana tena, na miguu ikataka kugeuka yenyewe. Safari hii Mama Gi-tae hakuinamia kamba za viatu.

"Limekuja," alisema.

Neno moja tu. Wote wakaketi. Hakuna aliyemwuliza habari za pasi. Alipiga mluzi wake mbaya, akapiga tena, Gi-tae akimpepea kwa kofia. Moyo ulidunda, ukadunda, lakini yeye hakukimbia, na polepole ukatulia wenyewe bila yeye kushuka hata hatua moja. Jambo hilo lilikuwa halijamtokea kwa miaka miwili. Lilimrudia mara mbili zaidi, wakaketi mara mbili zaidi, wakala chenza. Kilima cha dakika ishirini wakakipanda kwa saa moja na robo.

Kaburi lilikuwa tuta la majani lililozungushiwa mawe meusi. Gi-tae akamimina pombe, wachumba wakasujudu, kisha wazazi. Mama Na-ri akamwita mumewe kwa sauti ambayo hata marehemu asingesema hakuisikia:

"Baba Na-ri! Wakwe zako hawa! Mama yake Gi-tae amechelewa kwa sababu anaumwa, lakini amefika kwa miguu yake mwenyewe! Wape ridhaa!"

Mama Gi-tae alisujudu, paji la uso likagusa majani. Moyo bado ulikuwa ukimwenda mbio, naye akauacha uende. Alipoinuka, Mama Na-ri alimkumbatia mpaka mifupa ikalia, wakaipanga harusi palepale, mwezi wa tano. Jumatatu iliyofuata alikwenda hospitali pamoja na mumewe, karatasi ya daktari mkononi, akaanza matibabu aliyoyakimbia muda wote huo.

Miaka miwili ya kunyamaza ilimpa plasta na nusura imvunjie mwanawe ndoa. Siku aliyopiga kelele alipata mwenza wa kumshika mkono, mkwe wa kuketi naye njiani, na harusi. Wahenga hawakukosea hata chembe: mficha uchi hazai.