Meno ya Bibi Hwang

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Msaada, hata uwe mkubwa namna gani, haufui dafu ukiwa mbali na penye shida.

Mzee Pyo Gil-ho, wa miaka sabini na minne, alikuwa akipeleka vifurushi kwa treni za chini ya ardhi mjini Daegu. Wazee hawalipi nauli, hivyo kazi hiyo ilikuwa yao. Jumamosi moja asubuhi alikabidhiwa meno ya bandia ya Bibi Hwang, ambaye mjukuu wake angeolewa saa sita mchana.

Aliposhuka kubadili treni, milango ilifungwa nyuma yake. Ndipo alipotazama mikono yake, akaiona mitupu; kifurushi kilibaki ndani. Alinywea kama kuku aliyenyeshewa. Akampigia mwanawe, Seung-u, ofisa mkubwa huko Seoul.

“Tulia, Baba. Naandika barua kwenye tovuti ya shirika la treni. Watajibu ndani ya siku tatu.”

“Siku tatu, mwanangu? Bibi harusi atakuwa ameshakwenda fungate.”

Akakimbilia dirisha la kituo. Karani akauliza, “Mzee, ulitokea mlango namba ngapi? Treni haisimami hata dakika. Bila namba, wenzangu wa vituo vya mbele hawatakiwahi kifurushi chako.”

Milango yote ya jukwaani ina namba, ya behewa na ya mlango. Mzee Pyo alikuwa ameipita miaka sita bila kuisoma hata moja.

“Behewa la tatu, mlango wa pili,” ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa mama mmoja mfagiaji, ameegemea fimbo ya deki.

“Umejuaje, mama?”

“Nisijue vipi? Nimemaliza tu kupiga deki pale, ukanipitia na viatu kama fahali. Nilikuwa natafuta tusi lenye heshima.”

Karani alipiga simu. Kituo cha tatu mbele, kifurushi kilishushwa. Mzee akakifuata kwa treni iliyofuata, na saa sita kasoro dakika kumi Bibi Hwang alikuwa akimchekea kila mgeni, meno yote nje.

Alasiri Mzee Pyo alirudi kituoni na keki za mchele za harusini. Alimpa yule mama kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

“Miaka sita tunapishana, nami sijui hata jina lako.”

“Maeng. Haya, kaa tule, miguu yako ipumzike.”

Wakala pamoja kwenye benchi. Seung-u hakuwa mtoto mbaya, Mzee alijua. Alikuwa mbali tu. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.