Kiti cha Mwalimu Mkuu na Mbwa wa Bibi Nakijwa

"Kijibwa hakijui udogo wake, usikifunze."

Hiyo ndiyo methali, na asili yake inajulikana na mtu mmoja tu katika milima yote ya Lushoto. Mtu huyo ni mimi, Mhina, mzee wa Kidato cha Nne na mhifadhi wa historia ya shule, mwenye umri wa miaka kumi na saba na ndevu saba kidevuni.

Hayo niliwatangazia wanafunzi wa Kidato cha Kwanza Jumamosi moja, nyuma ya jiko, tukichambua maharage. Walikuwa wamemsikia Bibi Nakijwa, mlezi wa bweni letu, akimwambia mpishi methali hiyo, wakataka kujua ilitoka wapi. Tendwa, aliye mdogo kuliko wenzake wote na mwenye mdomo kuliko wenzake wote, alinisogelea akanikagua kidevu.

"Sita, kaka," akasema. "Hiyo ya saba ni ganda la harage."

Nikapangusa kidevu kwa utulivu unaomfaa mzee.

"Methali hii ilianza hivi," nikasema.

Miaka miwili iliyopita, Bibi Nakijwa alikuwa na mbwa mmoja mdogo mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Mbwa huyo alikuwa na uzito wa kuku aliyelishwa vizuri. Jina lake Diwani, kwa sababu alihudhuria kila mkutano na kupinga kila hoja. Bibi alikuwa mjane, watoto wake wako mbali, na jioni kwenye nyumba yake ya pembeni ya bweni alikuwa na Diwani tu. Kule kwetu baridi ni kali. Diwani alilala juu ya miguu ya Bibi, naye Bibi alisema hajawahi kununua soksi tangu ampate.

Lakini raha hiyo ilikuwa na gharama yake. Kila alfajiri Bibi alimpeleka Diwani matembezini, au ndivyo alivyodhani, maana njia alichagua Diwani. Akisimama katikati ya njia, Bibi naye alisimama, hata mvua ikinyesha, mpaka mheshimiwa amalize kutafakari. Ukimvuta kamba, alijilegeza akawa mzito kama gunia la mahindi. Siku moja alimzuia fahali wa jirani asipite getini. Fahali aligeuka akarudi alikotoka, nadhani kwa mshangao zaidi kuliko woga.

Sasa sikilizeni kuhusu kiti. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Singano, ana kiti cha mninga chenye mto mwekundu, nacho hukaa kwenye kona ya baraza la ofisi ambako jua la asubuhi hufika kwanza. Mwanafunzi anayepita hapo kwenda paredi huamkia akiwa ameinamisha kichwa, kwani kumkazia macho Mwalimu Mkuu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo, kusema kweli, sisi hatuamkii mtu. Tunaamkia kiti.

Jambo hilo liligunduliwa na kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mzuri wa sura na mwenye akili nyingi.

"Nani huyo?" Tendwa akauliza.

"Jina lake limepotea katika historia. Chambua maharage."

Kijana huyo alichukua dagaa wakavu, akawaficha ndani ya foronya ya ule mto. Kesho yake, Mwalimu Singano alipoingia ndani kuchukua daftari lake, Diwani alipanda kitini akajilaza. Wanafunzi wakapita mmoja mmoja, vichwa chini. "Shikamoo, Mwalimu!" "Shikamoo, Mwalimu!" Na Diwani, ambaye hakuwahi kukataa heshima, alimjibu kila mmoja kwa kubweka mara moja, taratibu kabisa.

Mchezo ukaendelea siku nne. Siku ya tano, Jumatatu, Mwalimu Singano alitoka ofisini mapema. Alisimama mlangoni akashuhudia wanafunzi arobaini wakimwamkia mbwa.

Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimwita Bibi Nakijwa.

"Mama, Jumamosi lori la kabichi linashuka Tanga. Mbwa huyu ataondoka nalo. Kuna shamba la mkonge kule, watampokea."

Bibi alisimama akiwa ameshika kitambaa chake cha kufutia vyombo. "Mwalimu, nyumba ile bila huyu ni kuta tu."

Mwalimu Singano si mtu mbaya. Alitazama chini kidogo. "Basi nakupa mpaka Jumamosi asubuhi. Nikimwambia shuka, akashuka, atabaki. Asiposhuka, ataondoka."

Yule kijana aliyasikia hayo akiwa nyuma ya nguzo, na kicheko kikamwisha. Mchana ule alitoa dagaa wote, akaufua mto, akauanika. Alidhani amemaliza kazi. Asubuhi iliyofuata, Diwani alinusa mto, akakuta hakuna dagaa, akazunguka mara tatu, akalala palepale. Dagaa walikuwa wamemwonyesha tu mahali penye jua. Sasa kiti kilikuwa chake kwa sababu zake mwenyewe.

Kijana akajitolea kumfundisha. Watu walimsifu kwa moyo wake wa huruma, na sifa zile zilimchoma kuliko fimbo. Alitoa amri kwa sauti ya mkufunzi wa jeshi, Diwani akapiga miayo. Alimwonyesha mfupa, Diwani akashuka, akauchukua, akarudi nao kitini. Alimsukuma, akang'atwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayekukumbusha jambo. Ijumaa alasiri alimkuta Bibi Nakijwa akikunja blanketi dogo na kuliweka kwenye kikapu pamoja na bakuli la bati.

"Asije akaona baridi njiani," Bibi akasema. "Wewe umejitahidi, mwanangu. Mungu akulipe."

Kijana angeweza kusema ukweli hapo. Hakusema. Aliogopa kurudishwa nyumbani, akaenda zake.

Jumamosi ikafika. Lori likawa getini, injini inanguruma. Shule nzima ilipangwa mbele ya baraza. Diwani alikuwa kitini, jua likimwakia mgongoni.

"Shuka," Mwalimu Singano akasema.

Diwani akamtazama.

"Nasema shuka!"

Diwani akaweka kidevu juu ya miguu yake ya mbele, akafumba macho. Bibi Nakijwa akageuza uso ukutani.

Mwalimu akambeba mwenyewe mpaka getini, hatua mia moja na zaidi, akampakia kati ya kabichi. Akageuka kurudi. Kabla hajafika nusu ya njia, kitu cheupe kilimpita miguuni kama tiara iliyokatika uzi. Alipofika barazani, kiti kilikuwa na mwenyewe. Akambeba tena. Akapitwa tena. Mara ya tatu alimfunika kwa kikapu cha Bibi, akaweka kabichi mbili juu. Tulisikia kabichi zikianguka, kisha tukamwona Diwani akija, kikapu kimemning'inia shingoni, hakimbii tena sasa, anatembea, kama mtu anayerudi kazini baada ya usumbufu.

Hakuna aliyecheka. Tulibana midomo mpaka machozi yakatutoka. Mwalimu Singano alisimama mbele ya kiti chake, jasho linamtiririka katika baridi ile, shati limechomoka. Diwani alikuwa amechoka pia. Ulimi ulikuwa nje, mguu mmoja wa nyuma unatetemeka. Lakini alikuwa kitini.

"Mama," Mwalimu akasema akihema, "hivi huyu mbwa hajui kuwa yeye ni mdogo?"

"Hajui, Mwalimu. Hakuna aliyemwambia." Bibi alikuwa ameufikia mkono wa kiti akaushika. "Na mimi sikutaka kumfunza. Nimezeeka, naishi peke yangu. Angejua udogo wake, angesimamaje mlangoni pangu?"

Mwalimu Singano alijifuta jasho. Alilitazama lori, akamtazama Bibi, akautazama ule mguu unaotetemeka.

"Kiranja," akasema mwishowe, "niletee kiti kingine."

Kikaletwa. Akakaa pembeni ya Diwani, pale jua lisipofika vizuri, akafungua daftari lake. Lori likashuka Tanga na kabichi zake tu. Tangu siku hiyo, mtu akihangaika kumnyenyekesha mnyonge asiyeujua unyonge wake, sisi humwambia methali ile.

Nikafunga mdomo na kuwaacha wanafunzi wangu watafakari. Tendwa hakutafakari.

"Kaka, umejuaje kwamba dagaa walikuwa ndani ya foronya?"

"Historia," nikajibu, "ina njia zake."

Wakati huohuo Bibi Nakijwa akatokea kwenye kona ya jiko, na mbele yake Diwani, maana njia bado anachagua yeye. Mbwa hakuwatazama wengine. Alikuja moja kwa moja kwangu, akapanda pajani, akaingiza pua kwenye mfuko wangu wa kulia wa suruali, akatoka na dagaa.

Mikono yote ikasimama juu ya maharage.

"Kila Jumamosi miaka miwili," Bibi akasema, "anajua ni mfuko gani."

"Bibi, mimi…" Nikaweka maharage chini. "Ni mimi niliyeweka."

"Najua, mwanangu. Dagaa wale walitoka kwenye kopo langu. Nilikuwa nangoja tu ukue." Akanishika sikio, si kwa nguvu. "Umekua. Sasa twende ukamwambie mwenye kiti."

Tukaenda, Diwani akitangulia, Kidato cha Kwanza wote wakifuata nyuma na maharage mikononi. Mwalimu Singano alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni. Diwani akapanda kwenye kile cha mninga. Nikainamisha kichwa, nikaamkia, nikasema yote, kuanzia foronya mpaka nguzo niliyojificha nyuma yake, na ile Ijumaa ya blanketi ambayo nilinyamaza.

Mwalimu alifunga daftari. "Kuanzia kesho, viti hivi viwili utavitoa wewe kila asubuhi na kuvirudisha wewe kila jioni, mpaka umalize shule."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Halafu umeniamkia mimi. Mwenzangu je?"

Nikainama tena. "Shikamoo, Diwani."

Hakujibu. Alikuwa amekwisha kulala.

Nyuma yangu nikasikia kicheko cha Tendwa, mtoto ambaye bado hajanifikia begani. Niligeuka nimkumbushe urefu wake. Akanitazama usoni bila kupepesa macho, mikono kiunoni, nami nikayameza maneno yangu.

Kijibwa hakijui udogo wake, usikifunze.