Ua la Saba katika Nyumba ya Mwinyi Shee

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiijua nyumba kwa ukuta wake wa ndani kuliko mlango wake wa nje, palikuwa na mji wa mawe, na katika mji huo palikuwa na mchoma chokaa jina lake Famau. Sogeeni basi. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mwisho wa kisa hiki nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Famau alikuwa na fahari, na fahari yake ilikuwa shimoni. Wenziwe walichoma matumbawe leo, kesho wakaizima chokaa kwa maji yoyote, keshokutwa wakapaka. Yeye aliizima kwa maji matamu ya kisima, akaifukia, akaiacha. Walipomcheka aliwajibu, "Chokaa yenu itawatemea usoni." Na kweli, mvua mbili tu, kuta zao zikatoka malengelenge. Yake ilikuwa laini kama samli. Shimoni alikuwa na chokaa ya miaka mitatu, na hiyo hakuiuza kwa mtu. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya chumba chake mwenyewe, maana huyu aliyepaka nusu ya mji alikuwa bado analala ndani ya kuta za udongo.

Sasa, nyumba ya Mwinyi Shee ilikuwa na chumba cha maharusi, na ukuta wake ulikuwa wa nakshi ya chokaa: majani yaliyosokotana, vidaka vya kuwekea sahani, na juu kabisa maua saba yaliyotokeza kama mkate wa sinia ulioumuka. Desturi ilikuwa hii: ukuta ukiumia, aliyeuponya hupewa ua moja atie alama yake. Maua sita yalikwisha kupata wenyewe, hapa samaki, pale nyota. Lilibaki la saba, na baada ya hilo hakuna tena. Babu yake Famau ndiye aliyechoma chokaa ya ua la tano, lakini alama iliyomo ni ya fundi aliyelikata. Famau alilijua jambo hilo tangu utotoni, na lilimkaa kooni.

Kosa la nyumba ile lilikuwa heshima. Kila mwaka, kuelekea Ramadhani, walipaka ukuta ule chokaa mpya. Mwaka baada ya mwaka, kwa mapenzi matupu, wakaizika nakshi, hata usijue hili ni jani au ni uvimbe. Kisha masika moja dari ikavuja. Kipande cha upana wa kitanda kikaporomoka kikawa unga, na ua la saba ndani yake. Harusi ya binti wa nyumba ilikuwa mwezi mmoja mbele. Bibi harusi aingie chumba chenye kidonda? Afadhali wafunge mlango wahame.

Mwinyi Shee akamwita fundi Lali, mkata nakshi. Lali akatazama, akatikisa kichwa. "Mwinyi, mkono ninao. Mchoro sina, na chokaa ya kushika nakshi sina."

Mama yake Mwinyi, Bi Somoe, ambaye macho yake yalikwisha kuingia giza, akasema kutoka kitandani, "Mchoro ninao mimi. Nilipoolewa nilikaa fungate chumbani humu siku saba, naupapasa ukuta huu kwa haya ya kumtazama baba yako. Nileteeni sinia la unga."

Akachora kwa kidole, jani baada ya jani. Lali akabandua tabaka hamsini za chokaa pembeni mwa kidonda, na jani la ukutani likakutana na jani la unga. Bi Somoe akacheka peke yake.

Habari zikamfikia Famau, ingawa hakuombwa na mtu. Alisimama juu ya shimo lake asubuhi nzima, na moyo ulimuuma, nasema wazi. Kisha akafukua, akaipeleka kwa Mwinyi Shee kikapu kwa kikapu, mpaka shimo likabaki shimo. Mkewe alimwuliza, "Na chumba chetu, baba watoto?" Akamjibu, "Ukuta ule hauponi kwa chokaa ya jana."

Lali akapanda jukwaani. Chokaa mbichi haimsubiri mtu. Kila siku alipanda baada ya alfajiri, na hakushuka mpaka kipande cha ukuta cha siku ile kiishe. Vidole vikavimba. Siku ya mwisho aliufunga mpini wa kisu kiganjani kwa kitambaa, akakata hivyo hivyo.

Ukasimama ukuta! Wanawake wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakahama dari. Famau alisimama mlangoni, kifua mbele, akiona chokaa yake imeshika hata mshipa wa jani. Likabaki ua la saba, bichi, tupu katikati, likingoja alama. Mwinyi akamfungua Lali kisu, akasema, "Chanda chema huvikwa pete. Nani?"

Mwamba ngoma huvutia kwake. Bi Somoe akasema, "Bila mimi mngekata majani ya nyumba nyingine. Nimeutunza ukuta huu kichwani miaka hamsini, na macho sina."

Lali akasema, "Bila mimi lingebaki sinia la unga. Mkono huu ni riziki yangu, na sijui kama utapona."

Famau akasema, "Bila mimi mngekata nini? Nimekupeni chumba changu. Na katika maua yale sita, hakuna hata moja la mchoma chokaa."

Mwinyi akajikuna kidevu. Mmoja wao ni mama yake mzazi! "Basi tieni alama nyote watatu."

"Ua moja, mkono mmoja," akasema Bi Somoe. "Ukitia watatu umefanya soko." Lali akaitika, na Famau naye akaitika.

Famau akanyoosha kidole, akaligusa ua ukingoni, maana chokaa ile aliijua kuliko wanawe. "Mwinyi," akasema, "inaanza kukaza."

Haya, nyinyi mliojaa hapa na majibu yenu. Kisu hiki, kamateni. Chokaa inakauka. Je, nani alistahili ua la saba?