Waya Bubu wa Kiwanda cha Sukari

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na kiwanda cha sukari mbali na nyumbani kwa kila mtu. Waya mmoja ulipita kwenye pampu zote, valvu zote, mizani zote. Kila kifaa kilikuwa na namba yake. Mtambo mkuu ukikiita, kinaitika; usipokiita, kinanyamaza.

Msimu wa kusaga miwa ukikaribia, waya ukawa bubu. Mtambo uliita, ukaita, usisikie cha kueleweka.

Mhandisi Nyagawa akawaambia mafundi, "Gari la alasiri lina nafasi moja. Atakayeufanya waya useme aende nyumbani. Wengine mpaka msimu uishe."

Nyumbani! Moyo wa fundi Sikitu uliruka. Alipopiga simu mara ya mwisho, mwanawe alipokea: "Nani mwenzangu?"

"Ni mama."

Mtoto akacheka. "Mama yuko jikoni." Alikuwa akimwita bibi yake mama.

Sikitu akachomoa kifaa kwenye waya, akasikiliza. Akachomoa kingine, akasikiliza. Akachomoa valvu ya juu ya tangi la kuchemshia, waya ukasema!

"Kumbe hizi ni somo, jina moja!" akapaza sauti. "Valvu ya juu namba kumi na nne, ya chini kumi na nne. Zikiitwa zinaitika pamoja, haisikiki hata moja."

"Namba nilizipanga mimi," fundi Lukelo akasema kwa aibu. Valvu ikarudishwa, naye akapanda juu ya tangi. Mvuke ukamchoma mkono, hakushuka. Akageuza kiswichi cha namba mpaka namba isiyo na mwenyewe, ishirini.

Waya bado bubu.

Tabia, fundi wa chumba cha umeme, akacheka. "Jamani, mmempa mtu jina akiwa usingizini! Valvu husoma namba yake inapoamka tu." Akaizima, akaiwasha, akauarifu mtambo mkuu namba mpya. Ukaita kumi na nne, ikaitika moja. Ukaita ishirini, ikaitika moja. Waya wote ukasema.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Bila mimi mngekuwa bado mnapapasa," Sikitu akasema. "Mwanangu ananisahau sauti."

"Bila mkono huu ungejua tu, dada, usifanye kitu," Lukelo akajibu. " Na kwa mchumba wangu imeingia posa nyingine."

"Kaka Lukelo, umeungua ukizima moto wako mwenyewe!" Tabia akadakia. "Ninyi mlihangaika, waya ukanyamaza. Nilipogusa mimi, ukasema."

"Wewe nani anakungoja huko?" Sikitu akamuuliza.

"Hakuna mtu, shoga. Nyumba ya marehemu mama inauzwa. Nataka nilale humo mara moja tu."

Dereva akapiga honi. Mhandisi akamtazama huyu, akamtazama yule, jina lisimtoke. Sikitu alikwisha kushika kitasa cha mlango wa gari, lakini hakuufungua.

Haya, ninyi mliosikia: aliyejua, aliyeungua, au aliyeamsha? Je, nafasi ile ilikuwa ya nani?